Hivi wanaopanga usafiri wa Dar wanajua kuna watu tunalala Mlandizi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nimejenga Mlandizi, mkoa wa Pwani, riziki ipo Kariakoo, Dar. Saa kumi na nusu alfajiri natoka, daladala mpaka Mbezi, nyingine mpaka Kimara, halafu mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao. Leo Kimara nimesimama dakika hamsini. Gari zinaingia zimeshajaa watu wa kugeuza, wamepandia Bucha na Korogwe kurudi nyuma ili waende mbele na siti. Sisi tunaotoka mbali tunaangalia tu. Kijana mmoja kapita dirishani, ndala moja ikabaki nje, mama wa maandazi akamrushia. Tumecheka, lakini jamani, haya ndiyo maisha?

Sasa nisikilizeni. Sensa ya 2012 Pwani ilikuwa na watu 1,098,668. Ya 2022 ikahesabu 2,024,947. Hao laki tisa na ushee hawakuja kuvua samaki Mafia! Wengi ni sisi tuliokimbia kodi za mjini tukanunua viwanja Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo. Tunalala Pwani, tunafanya kazi Dar. Lakini mipango inachorwa kana kwamba pale Kiluvya dunia inaisha.

Mwaka jana niliingia ofisi moja kuuliza lini tutafikiriwa. Yule bwana hata kalamu hakuiweka chini: "Kibaha ni mkoa mwingine, andika barua huko." Nikaandika. Huko nako wakanijibu masuala ya mabasi ya Dar yapo Dar.

Mwendokasi ulianza Mei 2016, mwisho wake Kimara. Februari 2021 stendi ya mikoani ikahamishiwa Mbezi kutoka Ubungo. Yaani stendi imekwenda mbele, njia ya mwendokasi imeishia nyuma yake! Abiria wa Ifakara anashuka na gunia lake la mchele, anaanza kubishana bei na bajaji. Nani alikaa na nani kabla ya kuamua hivyo?

Barabara nayo. 2017 watu walivunjiwa nyumba Kimara mpaka Kiluvya, zile alama za X mnazikumbuka. Tukapata njia nane, kilomita 19.2 mpaka Kibaha, nzuri kweli, sikatai. Ukivuka hapo unarudi kwenye njia mbili na malori ya Zambia na Kongo, lori moja likiharibika Visiga foleni inafika kwetu.

Kinachoniuma zaidi ni reli. SGR, ile reli mpya ya kisasa, inapita wilaya ya Kibaha hiyo hiyo, na stesheni ya Soga ipo. Tangu 2024 treni zinapita hapo na umeme wake, spidi mpaka 160, zinapeleka watu Morogoro na Dodoma. Safi. Mimi naomba treni ya wafanyakazi, asubuhi kwenda na jioni kurudi, na daladala za kutufikisha stesheni kutoka Mlandizi. Msiniambie haiwezekani. Treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa mjini Dar iliyopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilianza Oktoba 2012 kwenye reli ya zamani na watu wa Ubungo Maziwa waliijaza. Sasa tuna reli mpya, tunashindwa?

Halafu mvua. Karakana ya mwendokasi iliwekwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi. Mto huo unaanzia vilima vya Kisarawe, na Kisarawe ni Pwani. Mvua ikipiga huko, Jangwani panafungwa na mimi natembea kwa miguu kutoka Magomeni. Maji yenyewe hayajui mpaka wa mkoa, wapangaji wetu ndio wanaujua.

Ninachotaka ni chombo kimoja kinachopanga Dar na Pwani pamoja: reli, mwendokasi, daladala, stendi, mifereji. Leo kila mmoja ana mchoro wake na mkandarasi wake, wanakutana siku ya kukata utepe. Na wapange kwa idadi ya watu watakaokuwepo 2040, siyo ya sensa iliyopita. Viwanja vinauzwa mpaka Chalinze huko, hao wakishajenga watapita wapi?

Wa Mkuranga na Bagamoyo njooni mseme kwenu kukoje, nasikia Kongowe nako ni balaa. Na wewe unayetaka kuniambia nihamie mjini, njoo kwanza na kodi ya miezi sita.