Kupunguza kelele ndani ya gari la njia mbovu: nianzie wapi?

Mvuka Mito

Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina gari la kuendeshwa na magurudumu yote manne, la muundo wa zamani, lenye injini ya dizeli ya silinda nne na matairi ya meno makubwa ya matope. Mwendo ukifika kilomita 80 kwa saa, mimi na abiria wangu hatusikilizani mpaka tupaze sauti, na baada ya safari ya siku nzima masikio huendelea kuvuma hadi usiku. Nimekwisha kung'oa viti na kapeti, na nimeshauriwa nibandike mikeka ya mpira yenye karatasi ya alumini kila mahali, tangu sakafuni hadi kwenye paa. Je, mikeka hiyo huzuia kelele kweli, au nitaongeza uzito tu? Aidha, mara nyingi huvuka mito na maji huingia ndani, hivyo nina hofu ya kutu.

Fundi wa Bodi

Ndugu Mvuka Mito, jambo la kwanza ni kutenganisha mtetemo wa bati na sauti inayopita hewani, kwa sababu dawa zake ni mbili tofauti. Mikeka uliyoitaja, ambayo hutengenezwa kwa mpira wa butili, kazi yake ni kuzima mtetemo: bati linapotaka kujipinda, butili iliyobanwa kati ya bati na alumini huvutwa na kugeuza nguvu ya mtetemo kuwa joto kidogo. Ligonge bati kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe tupu, linahitaji mkeka. Likitoa mlio mfupi na mzito, liache. Wala huna haja ya kulifunika lote, kwani robo hadi theluthi ya eneo lake, hasa pale katikati panapotikisika zaidi, hutoa sehemu kubwa ya manufaa.

Sauti ya hewani huhitaji kizuizi kizito kisicho na mwanya, kwa mfano shuka la vinaili lenye uzito wa takriban kilo 5 kwa mita mraba, likilazwa juu ya sponji ili lisigusane na bati. Mngurumo wa chini ndio mgumu kuliko yote. Injini yako ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huchoma mafuta mara 100 kwa sekunde, na sauti ya hezi 100 hupenya sponji nyembamba kana kwamba haipo.

Dereva wa Masafa

Naungana na Fundi, ila mimi ningeanza na matundu kabla ya kununua mkeka hata mmoja. Kagua ukuta unaotenganisha injini na kabini, palipopita nyaya za umeme na za breki ya mkono, kisha mipira inayozunguka shina la gia na la gia ya pili (ile ya kuunganisha magurudumu yote manne), mipira ambayo katika magari ya umri huo huwa imepasuka. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi ukivute: kikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka. Fungua pia keria ya juu uendeshe siku moja bila hiyo, kwa sababu sehemu ya kelele unayoilaumu sakafu huenda ni upepo.

Kuhusu masikio, nakusihi usilichukulie kwa wepesi. Kiwango cha desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane hutumika sana kama kikomo cha usalama kazini, na kwa kanuni inayofuatwa na wataalamu wengi, kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Masikio yanayovuma baada ya safari yanaonya.

Mama wa Safari

Naomba nizungumzie maji, kwa kuwa hapo ndipo nilipoumia. Nilitandika sponji inayonyonya maji chini ya kapeti, na gari lilitulia kwa namna ya kupendeza. Lakini baada ya kuvuka mto mmoja tu, unyevu ulibaki chini kwa majuma, na nilipofunua nilikuta kutu imeanza kula mahali bolti za viti zinaposhikilia sakafu. Tangu hapo hutumia sponji ya vitundu vilivyofungwa, isiyonywa maji, na vizuizi vizito nimevikata vipande vipande ambavyo naweza kuvitoa na kuvianika. Usifunike kamwe vizibo vya kutolea maji sakafuni, wala matundu yaliyo chini ya milango. Kabla ya kubandika, kwangua kutu yote, paka rangi, kisha safisha mafuta kwa spiriti, maana mkeka uliobandikwa juu ya vumbi huachia pembeni na kuhifadhi maji. Epuka pia mikeka ya lami, hasa juu ya gia boksi na ekzosi, kwani joto huilainisha na kuifanya itoe harufu.

Mvuka Mito

Nawashukuru nyote. Nimegonga leo: sakafu ya nyuma na paa vinalia kama debe, ile ya mbele hailii, na mpira wa shina la gia ya pili umechanika kiasi cha kupitisha vidole viwili. Je, paa nalo nilibandike?

Fundi wa Bodi

Libandike kwa kiasi, vipande vichache katikati, ukivikandamiza vizuri kwa rola, kwa sababu uzito ulio juu huongeza kuyumba kwenye miteremko ya ubavu. Lakini badilisha mpira huo kwanza, kisha uendeshe kabla hujaendelea.