Umoja wa wahitimu wa chuo chetu: kwenye michango mnatujua, dogo akitafuta fildi hamjui mtu

Wakuu salaam. Anayetaka kunitoa kwenye grupu la WhatsApp baada ya uzi huu anitoe tu.

Chuo sikitaji, kipo hapa hapa Dar, wenyewe mtajijua. Umoja wa wahitimu ukitaka hela unatupata wote, hata waliobadilisha laini. Ada ya uanachama, mchango wa fulana, mchango wa hafla ya hotelini kule Posta. Tunavaa suti, risala inasomwa, "tuwainue wadogo zetu." Kilichoinuliwa usiku ule ni glasi.

Mtoto wa dada yangu anasoma uhasibu pale pale, mwaka wa pili. Anatafuta fildi, yaani ofisi ya kufanyia mafunzo kwa vitendo. Anazunguka na barua ya chuo kwenye bahasha ya kaki, Posta, Kariakoo, Barabara ya Nyerere yote, na hata mapokezi hafiki. Mlinzi anamalizana naye getini: "Acha barua, utapigiwa." Nani kapigiwa? Nikauliza kwenye grupu kama kuna mkuu ambaye ofisini kwake wanapokea. Grupu lenye mameneja, mawakili, watu wa bandarini, watu wa benki. Tiki za bluu, kimya. Mara mwenyekiti huyo, fulana awamu ya pili! Makofi kila kona.

Fildi inawagharimu nini jamani? Kiti, meza, na mtu wa kumsainia logibuku, lile daftari la kazi za kila siku. Hamtakiwi kumlipa. Asipoenda hana alama, na asipokuwa na alama hamalizi chuo. Hili hamhitaji kuelezwa, wote mmepita huko, na baadhi yenu fildi mlitafutiwa na wajomba.

Najua atakuja mtu na habari za Bodi ya Mikopo ya wanafunzi kumkata asilimia 15 ya mshahara. Hata mimi nakatwa, na inauma. Ila hilo ni deni, si msaada wako kwa mtu, na angalau likirudi Bodi anakopeshwa mwanafunzi mwingine. Za fulana zimemkopesha nani? Bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) likichelewa, watoto hosteli wanashindia chai na chapati moja, wengine wanabebana kitanda kimoja. Mfuko mdogo wa kuwasukuma wiki mbili tu umetushinda, lakini ukumbi wenye mapambo tunao.

Orodha ya nani anafanya kazi wapi ipo, maana ndiyo mnayotumia kutudai. Mpeni mratibu wa fildi chuoni nakala kabla ya Juni, ofisi ikipokea hata mwanafunzi mmoja, foleni ya getini inapungua. Hilo halihitaji kikao wala posho (najua hapo ndipo litakapokwama).

Mweka hazina, upo humu, nakuona kila siku kwenye uzi wa Simba na Yanga. Tuwekee hapa mapato na matumizi ya ile hafla. Na mwenye nafasi ya fildi ya uhasibu aje inboksi, dogo anakaa Mbagala ila saa mbili asubuhi atakuwa amefika popote.