Mdogo wangu atapanuliwa mlango wa moyo kwa puto. Mama anauliza: likipasuka je?

Fundi_Ngamiani:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Niko Ngamiani, Tanga, nimekaa mbele ya cherehani tangu asubuhi na sijashona hata pindo moja.

Mdogo wangu ana miaka 26. Mimba yake ya pili ilipofika mwezi wa sita alianza kukohoa usiku, halali mpaka aegemee mito mitatu. Zahanati tuliyokwenda wakasema pumu, akapewa pampu. Tumepuliza mpaka akajifungua, nafuu hakuna. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, ila mama mtu akaanza kuvimba miguu. Siku tumempeleka mtoto kupimwa uzito, muuguzi akamwacha mtoto kwenye mzani akamtazama mama yake. Akasema huyu akapimwe moyo.

Tumepima eko, kile kipimo cha picha ya moyo. Mlango wa upande wa kushoto umebana, na kwenye karatasi kuna 0.9 imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Amepewa rufaa kwenda Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Tukaambiwa hapasuliwi kifua, watapitisha puto kwenye mshipa wa paja. Maelezo yalikuwa ya dakika mbili, tukapisha mgonjwa mwingine.

Nyumbani hakukaliki. Shemeji anataka aendelee na vidonge tu. Mama ameuliza swali moja: hilo puto likipasukia humo ndani je? Kwake yeye puto ni lile la watoto la Idi, na sikuwa na la kumjibu. Naomba mtu anieleze kama anayemweleza mama. Na hiyo 0.9 ni nini?

Mwana_Pangani:
Pole sana dada. Baba yangu alifanyiwa hiyo, wakapitia mkononi, wakamwekea stenti, kile kijibomba cha wavu wa waya. Alikuwa macho anaongea na daktari. Msisitize tu asiache vile vidonge vya kuzuia damu kuganda.

Tabibu_Mstaafu:
Mwana Pangani, ya mzee ni jamaa yake lakini siyo hiyo. Baba alizibuliwa mshipa unaoulisha moyo, na stenti imebaki mle. Huyu binti tatizo ni mlango, na kwake hakiachwi kitu ndani.

Dada Fundi, 0.9 ni ukubwa wa uwazi wa mlango kwa sentimita za mraba. Wa mtu mzima mwenye afya ni 4 hadi 6, vidole viwili vinapita. Wa mdogo wako hata kidole kidogo kingekwama. Mara nyingi chanzo ni mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri, ikafuata homa ya viungo, na mlango ukabaki na makovu. Kingo zake hushikana, ukabaki mwanya kama mdomo wa samaki. Damu ikikosa kupita inarudi nyuma kwenye mapafu, ndiyo kikohozi cha usiku. Mimba huongeza damu mwilini karibu nusu yake, kwa hiyo wengi hugundulika wakiwa wajawazito.

Sasa swali la mama, na ni swali zuri. Puto hilo halijazwi hewa. Hujazwa maji yaliyochanganywa na dawa inayoonekana kwenye eksirei, ili hata likipasuka, jambo ambalo ni nadra, yatoke maji na siyo hewa, ambayo ingeweza kuziba mshipa. Linaingia limenywea, kupitia mshipa wa paja hadi upande wa kulia wa moyo. Wanatoboa kitundu kwenye ukuta wa kati kwa sindano, wanavuka kushoto, wanalijaza katikati ya mlango kwa sekunde chache. Kingo zilizogandana zinaachana. Linanyweshwa, linatolewa. Njia hii aliieleza daktari Mjapani, Kanji Inoue, mwaka 1984, siyo majaribio.

Sitaki kukuficha: mlango unaweza kuchanika vibaya ukavuja, na hapo upasuaji wa kifua unaweza kuhitajika. Damu iliyoganda ndani ya moyo nayo ni hatari, ndiyo maana wanaweza kumpitishia kipimo cha eko kooni kwanza. Muulizeni daktari mambo mawili: mlango wake unafaa kwa puto? Kuna damu iliyoganda?

Na wenzangu wa zahanati mnaosoma hapa. Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia pumu mama wa namna hii, na sijamsahau. Mjamzito akikohoa usiku, mlazeni ubavu wa kushoto, wekeni kisikilizio chini ya titi, msikilize taratibu. Kuna mngurumo mzito wa chini chini. Ukiwa na foleni mlangoni huusikii.

Bi_Chumbageni:
Mwanangu, mie nilifanyiwa nikiwa na miaka 31. Ganzi ya paja tu, nilikuwa najua kinachoendelea. Kilichonichosha ni kulala chali saa nyingi baadaye bila kukunja mguu, mwambie ajiandae. Usiku ule nililalia mto mmoja. Mmoja! Sindano ya benzathini, ile penisilini ya kuzuia homa ya viungo isirudi, bado nachoma kila wiki nne, maana mlango unaweza kubana tena miaka ikienda.

Fundi_Ngamiani:
Mungu awalipe. Nimemsomea mama mara mbili, pale pa maji na hewa akanisimamisha nirudie. Shemeji alisikiliza akiwa mlangoni, hakusema kitu, ila jioni kaleta nauli. Tunaondoka Jumanne. Sindano yake ya benzathini inaangukia Jumatano, achomwe hapa au Dar?

Tabibu_Mstaafu:
Achomwe hapo Jumatatu, kuwahi siku mbili hakuna shida, kuchelewa ndiko kubaya. Kama amepewa dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie mchomaji kabla. Tarehe iandikwe kwenye kadi, na ile karatasi ya 0.9 msiisahau.