Naomba ushauri: rafiki wa mume wangu amekuwa kama mke mwenza
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 24, tunaishi Uyole, ndoa ina mwaka mmoja na nusu. Mume anaendesha bajaji ya mkataba, mimi nauza parachichi Mwanjelwa. Tatizo ni rafiki yake waliyekua pamoja Tukuyu. Akishapeleka hesabu jioni anapitia kwake kwanza. Kwangu anafika saa tano, ameshakula. Na baridi hii ya Julai!

Juzi huyo rafiki ndiye kaniambia kwamba tunahamia Tunduma. Mimi mke, habari za nyumba yangu nazisikia kibarazani! Nikiuliza najibiwa, "Yule ni ndugu yangu, umemkuta."

Sio mtu mbaya jamani, nilipojifungua yeye ndiye alitoa hela ya dawa. Ndiyo maana nashindwa pa kuanzia. Niongee naye mwenyewe, au niwaite wasimamizi wetu wa ndoa?