Kikundi cha ukoo: vitabu vya Desemba

ALHAMISI

[18:52] Leokadia: Wapendwa, habari za jioni. Tulikubaliana Pasaka kwamba kila mtu atasema kitabu alichosoma, na kama anatushauri tukisome au tukiache. Kesho mchana natuma hela Dar, vitabu vipakiwe kwenye basi. Nataka majina na elfu kumi kumi kabla ya hapo. Tusianze tena kutafutana.

[18:58] Leokadia: Naanza mimi. Nimemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Jamani! Kijana Yusuf anaondoka nyumbani na tajiri Aziz akidhani anakwenda kukaa kwa ndugu, kumbe baba yake kamtoa rehani kwa deni. Halafu anachukuliwa kwenye msafara wa biashara kwenda bara. Shuleni habari za misafara tulifundishwa kwa upande wa akina Speke tu, aliyefika hapa Mwanza 1858 kulitazama ziwa. Humu unatembea na wapagazi na wafanyabiashara wenyewe, njaa na homa zao, na Wadachi, yaani Wajerumani, wanakaribia kila sura. Kitabu cha kwanza kununua ni hiki.

[19:31] Leokadia: Naona tiki za bluu.

[19:33] Masanja: Shemeji tupo. Tunatafakari.

[19:33] Leokadia: Umesoma nini?

[19:34] Masanja: Nimesoma bei ya dagaa pale Mwaloni. Huzuni tupu, mwisho wake sikulala 😂

[19:34] Renatus: 😂😂😂

[19:35] Renatus: Shem, hiyo ni riwaya au historia?

[19:36] Masanja: Kwa wiki hii ni msiba.

[19:41] Leokadia: Nimesema kesho mchana. Mchana, sio jioni.

[20:15] Deo: Habari zenu. Nilikuwa njiani natoka Igoma. Mimi nimesoma historia, Toward 'Uhuru' in Tanzania cha Andrew Maguire, cha 1969. Kiingereza chake kizito, lakini kinatuhusu sisi watu wa Kanda ya Ziwa moja kwa moja. Kinaeleza wakulima wa pamba walivyokuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, mpaka wakaweka wapimaji wao wenyewe wasimame pale pale mzigo unapopimwa. Vyama vya ushirika vikaanzia hapo. Paul Bomani akavikusanya, na 1955 ikasimama Victoria Federation of Co-operative Unions.

[20:19] Deo: Kipindi hicho hicho TANU ilikuwa imezuiwa huku kwetu, kuanzia 1954 hadi 1958. Kwa hiyo ushirika ndio uliobeba siasa. Mtu anakwenda kupima pamba, anarudi na habari za uhuru. Na mwaka 1958 watu wa Geita walikataa lile baraza la mchanganyiko wa rangi, wakaandamana mpaka Mwanza mjini, wakapigwa mabomu ya machozi. Vijana wanapita barabara hizo hizo kila siku na hawajui. Mzee alikuwa akitusimulia habari za mizani, tukidhani anatia chumvi. Nashauri kisomwe, hata kwa kugawana sura.

[20:22] Leokadia: Asante sana kaka Deo. Hayo ndiyo ninayoyataka. Kuna anayeweza kututafsiria sura moja ya pamba tuisome Desemba?

[20:50] Leokadia: Renatus?

[20:51] Renatus: Shikamoo shangazi

[20:51] Leokadia: Marahaba. Unatafsiri?

[20:58] Renatus: Ngoja nimalize Nagona kwanza. Kitabu chembamba, nikasema hiki ni cha jioni moja. Kezilahabi hapa hasimulii kama anavyosimulia kwingine. Mtu anasafiri, anakutana na mambo kama ndoto, huambiwi ni wapi wala ni lini. Nikifika mwisho wa sura narudi mwanzo wake. Lakini siwezi kukiacha, kuna sentensi natembea nazo mpaka kazini. Sikishauri kwa anayeanza. Kwa aliyekwisha soma Kichwamaji na Gamba la Nyoka, ndiyo.

[21:04] Sabina: Mimi nimerudia Rosa Mistika cha huyo huyo Kezilahabi, baada ya kukisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu. Safari hii nimelia. Mtu wa Namagondo, Ukerewe, nyumbani kabisa, kaandika mwaka 1971 jambo ambalo mpaka leo linatokea Nansio na linatokea Nyakato. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, tena barua yenyewe haina kitu. Hamfundishi lolote, anamtisha tu. Rosa akitoka mikononi mwake anaingia duniani hajui aogope nini na asiogope nini. Kosa ni la baba.

[21:09] Agripina: Kosa la baba peke yake? Rosa hakuwa na akili zake?

[21:10] Sabina: Mama, akili atazitoa wapi na kila akiuliza anachapwa?

[21:12] Agripina: Sisi wote tulichapwa.

[21:13] Sabina: Ndiyo ninachosema mama.

[21:14] Masanja: Mimi kama baba mwenye nyumba naomba niondoke kikundini kwa muda 😂

[21:16] Agripina: Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni, sisi tulikisoma chini ya godoro bwenini, kwa tochi, kimechanika katikati, unasoma nusu yako unasubiri mwenzio amalize yake. Nilikipenda na bado nakipenda. Ila msinifanye Zakaria ndiye shetani wa kila kitu. Yule Charles anayemkataa mwishoni kwa sababu ya usichana mbona hamumsemi?

[21:18] Sabina: Hapo nakubali. Charles ananiudhi kuliko wote.

[21:19] Leokadia: Vizuri sana haya, sana. Ila hela sijaona hata ya mtu mmoja. Na kitabu kikuu cha Desemba bado hatujapanga. Kwa kuwa tutakuwa Nansio kwa Bibi, mimi napendekeza tusome Myombekere. Aniceti Kitereza alimaliza kukiandika 1945 kwa Kikerewe. Hakuna aliyekichapa. Akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, kikatoka 1980, mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 mtu anangojea kitabu chake! Halafu sisi wajukuu wa kisiwa kile kile tunakisikia kwa jina tu. Mle mna kuvua, kulima, dawa, namna ya kuamkia wakwe, kila kitu cha wazee wetu.

[21:22] Masanja: Ni yule aliyenyang'anywa mke na wakwe, akatozwa pombe ya ndizi ndipo arudishiwe?

[21:22] Leokadia: Huyo huyo. Ndugu zake Myombekere walimsimanga Bugonoka kwa kukosa mtoto, wazazi wake wakaja kumchukua. Mume hakuoa mwingine, akamfuata. Nani mwingine ameandika mapenzi ya mke na mume namna ile?

[21:23] Masanja: Mimi nilileta ng'ombe Nansio kwa meli. Ng'ombe walitapika njia nzima. Angenihoji mimi kile kitabu kingekuwa kirefu zaidi 😂😂

[21:24] Renatus: 😂😂 Shem simulia ya yule dume

[21:24] Masanja: Yule dume aliyekataa kushuka Nansio? Subiri

[21:25] Leokadia: Jamani, kitabu.

[21:31] Leokadia: Madukani mjini nimekizungukia sijakipata. Kwa hiyo swali langu ni hili: nakala ya Mzee iko wapi?

[21:58] Agripina: Aulizwe aliyebeba sanduku.

[21:59] Renatus: Sanduku gani?

[22:03] Agripina: Waliokuwepo siku ya kuanua tanga wanajua. Miaka yote ile macho ya Mzee yalipoanza kufifia nani alikuwa akimsomea? Kurasa mbili mbili kila jioni, yeye ananisahihisha maneno ya Kikerewe. Halafu sanduku likafunguliwa mimi nikiwa jikoni na wageni. Sikuambulia hata kalenda.

[22:05] Deo: Agripina tulishalimaliza hilo.

[22:05] Agripina: Mlilimaliza nyie.

[22:06] Deo: Vitabu nilivichukua kwa sababu mchwa walikuwa wameingia. Kila mtu aliona.

[22:06] Agripina: Na ile daftari ya nyimbo nayo ilikuwa na mchwa?

[22:07] Deo: Nisiseme mengi. Na ya Kisorya nayo tuyafufue?

[22:08] Agripina: Yafufue.

[22:10] Masanja: Wapendwa, matokeo ya Yanga kuna mwenye nayo?

[22:10] Renatus: Bado dakika kumi

[22:11] Leokadia: Naomba tusiende huko. Kaka Deo, kitabu unacho au huna? Hilo tu.

[22:12] Ujumbe huu umefutwa

[22:13] Renatus: Kama kipo mimi naweza kukipiga picha kurasa zote, tuweke humu, kila mtu asome kwenye simu. Hakuna haja ya kugombana.

IJUMAA

[06:20] Simu ya Bibi: Tumsifu Yesu Kristo. Hapa ni Kulwa naandika anavyosema Bibi. Nimemsomea yote ya jana.

[06:21] Simu ya Bibi: Bibi anasema kitabu kile Mzee hakukinunua kwa ajili ya Deo wala Agripina. Alikinunua akasema kilale nyumba hii. Kirudi Nansio. Kisipigwe picha, kije chenyewe. Agripina atasoma, kwa sauti, Bibi asikie, kwa sababu macho yake nayo sasa yameondoka. Deo atakaa hapo hapo amsikilize dada yake mpaka mwisho wa sura, asiende uani kupokea simu. Mengine ya sanduku yatasemwa mbele yake, sio kwenye simu.

[06:22] Simu ya Bibi: Anasema pia Masanja aje.

[07:05] Masanja: Shikamoo mama. Nimesikia. Nitakuja.

[07:40] Sabina: Shikamoo Bibi 🙏

[09:16] Deo: Shikamoo mama. Nimesikia. Kitabu kipo, kitakuja.

[09:17] Leokadia: Mungu akubariki kaka. Basi tupange. Myombekere kitasomwa kwa sauti Nansio. Peponi nanunua nakala tano kwa watakaolipa. Sura ya pamba atatafsiri Renatus. Sawa?

[09:50] Leokadia: Renatus sawa?

[11:30] Leokadia: Hela mpaka sasa imeingia ya Sabina peke yake. Saa sita naenda kutuma.

[12:44] Bernadeta: Poleni na majukumu wapendwa, bando lilikuwa limeisha. Mimi napendelea za maisha ya watakatifu, mnaonaje?

[12:46] Leokadia: Karibu dada Bernadeta. Itakuwa ya mwezi wa pili. Elfu kumi basi.

[13:20] Deo: Nimekitafuta, nimekiona. Jalada la nyuma halipo, na kurasa za mwisho zimeshikana kwa maji. Nitakipeleka kwa fundi wa vitabu kwanza.

[13:22] Agripina: Jalada lilikuwepo.

[13:25] Deo: Sijasema halikuwepo.

[13:26] Agripina: Usikipeleke kwa fundi. Atakata pembeni, na Mzee aliandika pembeni kwa penseli. Nipe mimi nitakikausha taratibu.

[13:41] Deo: Mama amesema kije Nansio.

[13:42] Agripina: Kwani mimi siendi Nansio?

[13:44] Leokadia: Nani anavuka kwanza? Kuna atakayepanda meli tarehe 20, au wote mnapita Kisorya na magari?

[15:02] Renatus: Shangazi mimi likizo yangu bado haijasainiwa. Hiyo sura ya pamba ina kurasa ngapi?

[15:03] Leokadia: Muulize baba yako. Kaka Deo, kitabu unampa Agripina au unavuka nacho mwenyewe?

[17:35] Leokadia: Kaka Deo?

[18:10] Masanja: Mimi napanda meli tarehe 20. Safari hii sina ng'ombe, nina nafasi ya mzigo.