Mjadala: Picha za shida zetu zinazochangishia fedha ng'ambo, ziendelee?

Mwenye mada, Chwaka

Assalaam alaykum wana baraza. Ramadhani ikikaribia sote tunaliona jambo hili, na sote tunalinyamazia. Gari inaingia kijijini, wanashuka vijana wenye vizibao vya taasisi, mifuko ya mchele, sukari na tende inapangwa chini ya mwembe. Kabla mtu hajaondoka na fungu lake anaambiwa aushike mfuko kifuani, aangalie kamera. Nyuma yake limetandazwa bango lenye jina la mfadhili aliyeko Uingereza au Ghuba. Watoto wa chuo cha Qurani wamekwisha kufundishwa kulitaja jina hilo kwa pamoja na kushukuru. Picha zinarushwa huko, na zikipendeza ndizo zinazoleta fedha za msimu unaofuata.

Msimamo wangu nausema mapema. Sipingi kamera. Napinga ruhusa inayoombwa mbele ya mfuko wa mchele. Mjane ambaye futari ya wanawe imo mkononi mwa anayemuomba picha, atakataaje? Hata akitia dole gumba kwenye karatasi, mimi siihesabu kuwa ridhaa. Apewe haki yake kwanza aende nayo nyumbani. Siku nyengine aje mtu mwengine, asiyegawa kitu, amuulize. Akikataa, jina lake lisitoke kwenye orodha ya mwakani.

Najua nitaambiwa picha zimeokoa roho za watu, na ni kweli. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzia kazi Dar es Salaam, aliirikodi njaa ya Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Dunia ilishtuka, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, la kuwachangia wenye njaa, London na Philadelphia. Lakini picha zile zilionesha njaa, hazikuonesha vita. Wengi huko nje walibaki wakiamini ni ukame tu, ilhali serikali ya Ethiopia chini ya Mengistu ilikuwa ikipigana na waasi kwenye majimbo hayo hayo yaliyokuwa yakifa njaa.

Linganisha na 1904, pale mmisionari wa Kiingereza, Alice Seeley Harris, alipompiga picha Nsala huko Kongo, amekaa barazani anautazama mkono na mguu wa bintiye mdogo, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya kuvuna mpira. Picha ile ilizungushwa mikutanoni Uingereza na Marekani, na ilikuwa na mshtakiwa: utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1908 Kongo ikamtoka mikononi. Picha zetu za mifuko na visima zinamshtaki nani? Mtoto anaonekana na dumu kichwani, utadhani ukosefu wa maji umeshuka pamoja na mvua.

Karibuni, pingeni.

Mwanakamati wa maji, Kaskazini Pemba

Waalaykumu ssalaam. Ndugu wa Chwaka, maneno hayo njoo uyaseme kwetu wakati wa kiangazi. Kisima cha shehia yetu kimepatikana kwa picha na sioni haya kusema. Tulipiga wanawake wakiteka shimoni, tukapiga mashine ikichimba, tukapiga maji ya mwanzo yakitoka na matope, tukapiga na shukrani. Aliyetoa fedha hajafika Pemba, wala Micheweni haijui iko upande gani. Atuamini kwa lipi?

Na kuna jambo hukuligusa. Picha zinatulinda sisi wanakamati. Fedha imepita mikono mingi hadi kufika kwa fundi. Wa mwisho akiwa na picha ya pampu inafanya kazi, hakuna atakayekuja kumwita mwizi mbele ya msikiti.

Niko Leicester

Mimi ndiye ninayekaa upande wa hao wenye kutoa, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Kwenye kundi letu nikituma picha ya tangi na mabomba, watu wanasema mashaallah na kuendelea na habari za mpira. Nikituma uso wa mtoto, fedha zinaingia usiku ule ule. Silipendi, lakini ndivyo lilivyo.

Ila ndugu wa Pemba, hilo la picha kuwa ushahidi sikuungi mkono. Nimeshaletewa kisima kimoja na taasisi mbili, kwa mabango mawili tofauti. Nilikijua kwa ufa uliomo kwenye ukuta wa tangi. Wafadhili wawili, maji yale yale.

Kuhusu huku Uingereza: mwaka 2019 mbunge David Lammy aliisema hadharani Comic Relief, taasisi inayochangisha kwa televisheni, baada ya mtangazaji mmoja kuweka picha amembeba mtoto wa Uganda. Mchango wa mwaka ule ukashuka kuliko wa 2017, na wapo waliomtupia lawama mbunge. Pamoja na hivyo, 2020 wenyewe walitangaza kuacha kuwapeleka watu maarufu Afrika kupiga filamu za kuchangisha. Basi kubadilika kunawezekana, lakini kuna gharama, na anayeilipa mwanzo si mfadhili.

Mpiga picha, Mkunazini

Kazi hii naifanya, nalipwa. Ninaletewa orodha: mtoto mmoja, si kundi, macho kwenye lenzi, miguu mitupu, ukuta wa udongo, asicheke. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mtoto wa Unguja akiona kamera anacheka, tena anawaita na wenzake. Inabidi usubiri mpaka achoke, kicheko kiishe, ndipo ubonyeze. Huzuni mnayoiona huko Leicester mara nyingi ni mtoto aliyechoshwa na mimi.

Kisha nakata pembeni. Dishi la televisheni halitakiwi. Pikipiki ya ami yake haitakiwi. Taasisi za maendeleo za Ulaya zimejiandikia kanuni za picha na ujumbe, toleo la 2006 linataka heshima na ukweli, na mtu aulizwe kama anataka kutajwa jina. Nimezisoma, ni nzuri. Orodha ninazoletewa mimi aliyeziandika hajazisoma.

Mwalimu wa chuo, Malindi

Wengi huwa wanaleta aya ya 271 ya Suratul Baqara kuhalalisha: kwamba mkizidhihirisha sadaka ni vyema. Waimalizie basi, maana inaendelea kusema kuzificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Na tazameni, mlango uliofunguliwa pale ni wa mtoaji kuidhihirisha sadaka yake. Sijaona pahala aliporuhusiwa kumdhihirisha mpokeaji. Nyuma kidogo, aya ya 264, imekatazwa kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi, yaani kumkumbusha mtu wema uliomtendea, na maudhi. Zamani masimbulizi yalikuwa ya mdomo, yakipita yamepita. Haya ya leo yamo kwenye simu, na binti yule ataolewa, atazaa, na picha yake ya mfuko ingalipo.

Bi mkubwa wa mwani, Jambiani

Nasoma kwa simu ya mjukuu, mnisamehe makosa. Sisi kilimo cha mwani tunacho tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, na kila maji yakikupwa wako watu ufukweni wanatupiga tumeinama. Wengine watalii, wengine wanasema ni za kutusaidia. Mgongo wangu umefika nchi nyingi kuliko mimi. Anayetaka kunisaidia kweli, akapige picha ya mizani ya mnunuzi na bei anayotupa kwa kilo. Hiyo sijaiona ikipigwa.

Mwenye mada, Chwaka

Bi mkubwa, shikamoo. Umesema kwa mistari michache nilichokuwa nikikizungusha na Kongo yangu.

Mwanakamati, hoja ya ulinzi naikubali kabisa, sikuwa nimeifikiria kwa upande wenu. Lakini kinachowalinda ni picha ya pampu, stakabadhi ya fundi, na mita ya maji ikisomwa kila baada ya miezi kadhaa. Uso wa mtoto hauthibitishi hata shilingi moja. Mngetuma vile vitu vitatu pamoja na alama ya ramani ya mahali kisima kilipo, huyo wa mabango mawili angekwama. Na anayetaka uso, basi auombe kwa mtu mzima aliyekwishapata maji yake, ambaye leo anaweza kusema sitaki.

Mwanakamati wa maji, Kaskazini Pemba

Ya stakabadhi na mita tunaweza, hata mwezi huu. Nimempigia mwenzangu, anasema mita ipo.

La kurudi siku ya pili ndilo linalonishinda. Taasisi hulipa siku moja: gari, mafuta, posho, na picha inayopatikana siku hiyo hiyo kabla ya boti kurudi Unguja. Huyo mtu wa pili asiyegawa kitu, wa kuja kuuliza tu, analetwa na nani na nauli yake inatoka fungu gani? Niko Leicester, kundi lenu litailipa?