Shangazi yangu wa Wete: nimpeleke kwa nesi mstaafu?

Asalamu alaykum. Shangazi yangu ana miaka 81, ndiye aliyenilea. Tangu apate kiharusi upande wa kushoto hauendi. Nimemleta Mwanakwerekwe, huku Unguja, lakini mimi kazi yangu hoteli Nungwi, zamu ya usiku. Kuna nesi mstaafu analea wazee watano nyumbani kwake. Nimekwenda jana: pasafi, ila choo kina kizingiti kirefu, na usiku wanalala na msichana mmoja tu. Moyo unanisuta. Nitazame nini?

Mama Hafsa
Rudi bila ya kuaga, alfajiri. Nusa mashuka. Baba yangu tulimweka nyumba moja yenye zulia zuri sebuleni. Mwezi haujesha, mgongo vidonda. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia. Waulize nani anamgeuza saa nane za usiku. Akisitasita, mwanangu, ondoka.

Mchangamdogo
Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo ni za serikali, zaidi kwa wasio na jamaa. Kama anapata Pensheni Jamii, ile ya serikali kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, usiiingize kwenye malipo ya nyumba. Mwachie mwenyewe mkononi.

Muulizaji
Ahsanteni. Nimekwenda leo saa kumi na moja. Msichana alikuwa macho, anamtia maji bibi mmoja kwa kijiko, taratibu. Nesi kakubali kuvunja kizingiti na kuongeza mtu wa usiku. Shangazi kauliza jambo moja tu: adhana inasikika? Inasikika.